Alichosema Kwenye Kona ya Mwisho

Nilifika Mtwara kwa kuzunguka. Mtu mwenye akili zake akitoka Mbulu kwenda Mtwara anapitia Dar es Salaam, anafuata pwani, anavuka Rufiji, na baada ya hapo ni kusinzia tu mpaka afike. Mimi nilipitia Dodoma, nikakaa Iringa msimu mmoja wa mvua, nikashuka Songea. Huko Songea ndiko nilikosikia kwamba Mtwara, kwenye gesi, watu wanajenga na kila bati jipya linataka dishi juu yake. Kazi yangu ilikuwa kufunga madishi ya televisheni. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na tangu hapo sijakaa mahali hadi pakanichosha. Naondoka kwanza, halafu nikishafika mbali ndipo napakumbuka, nasikia harufu ya jiko la watu niliowaacha na nataka kurudi. Sirudi.

Kutoka Songea nilipanda lori la mahindi hadi Tunduru, na Tunduru nikapata basi la Masasi. Barabara ilikuwa nzuri, msitu pande zote mbili, na vizuizi vingi. Kadiri tulivyoisogelea Ruvuma ndivyo walivyozidi kutushusha. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, kulikuwa na watu wanaochoma vijiji, na upande wetu kila mgeni alitazamwa usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena.

"Unatoka wapi?" askari mmoja aliniuliza.

"Mbulu, afande."

"Mbulu ile ya Manyara? Huku umefuata nini?"

Nikamfungulia mfuko wangu. Spana, koili za waya, skrubu, na vile vichwa vya madishi vinavyokaa mbele ya sahani. Akachukua kimoja, akakigeuza.

"Hiki kinasikiliza nini?"

"Hakisikilizi. Kinapokea picha."

"Kutoka wapi?"

"Angani."

Jibu hilo halikumpendeza. Basi zima lilinisubiri juani wakati anaita mwenzake aje naye akitazame. Niliporudi kwenye kiti changu, mama niliyekuwa nimekaa naye tangu Tunduru alikuwa amehamisha kapu lake upande wa pili. Tuliteremka Mikindani jua likiwa linaelekea kuzama, nyumba za mawe zimeegemeana kando ya maji, na mimi nimeshachoka kuwa mgeni kabla sijafika.

Nilipata chumba Chuno, uani kwa mjane mmoja mwenyeji wa vijiji vya Madimba. Kazi yake ilikuwa kubangua korosho. Alikaa uani siku nzima na rundo la korosho zilizochomwa, kijiti, jiwe na bakuli la majivu, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kifundo kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Alinipeleka mwenyewe kwa mjumbe wa nyumba kumi, akasimama pembeni nikihojiwa, na maswali ambayo mjumbe aliyasahau aliyauliza yeye.

Asubuhi yangu ya kwanza nilikuwa naenda bombani, nikamkuta njiani ametangulia na ndoo. Nilikuwa na haraka, nikampita. Aliruka pembeni, ndoo ikaanguka.

"We fundi! Kwenu huko watu wanapitana kama mbuzi?"

"Samahani, mama."

"Huku ukimjia mtu kwa nyuma unatoa salamu kwanza. Unangoja aitike. Akiitika, ndiyo unapita. Siku hizi mtu anakuja kimya nyuma yako, unajuaje ameshika nini?"

Nikaokota ndoo. Tangu siku ile sikumpita mtu kimya, na nilianza kusikia jambo ambalo sikuwa nimeligundua: barabara za vumbi za Chuno asubuhi zimejaa salamu za mgongoni, shikamoo inatoka nyuma, marahaba inajibu bila shingo kugeuka, na aliyeitikiwa anapita.

Ukutani sebuleni kwake kulikuwa na picha moja tu kubwa. Msichana mwembamba, fulana ya timu ya taifa, namba kifuani. Binti yake wa mwisho. Alianza kukimbia mashindano ya shule, watu wakamwona, wakamchukua kambini kaskazini, na sasa alikuwa anakimbia mita elfu moja na mia tano. Mtaa mzima ulijua siku ambayo angekimbia fainali kwenye mashindano makubwa ya kimataifa nje ya nchi. Walipojua natoka Mbulu, wakaamua kwamba mimi ndiye mtaalamu wa kuwaeleza.

"Nyie watu wa kule mnazaliwa mnakimbia," alisema jirani yetu fundi cherehani, aliyeshonea kibarazani mbele ya nyumba yetu na aliyejua kila anayeingia na kutoka.

"Mimi nimewahi kukimbia nyuki tu."

"Waliwahi kukupata?"

"Walinipata."

"Basi wewe si wa Mbulu," akasema, akaendelea kushona. Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona akinitazama kwa pembeni ya jicho mpaka nikaingia ndani.

Siku ya fainali niliitoa televisheni ya mama uani, nikafunga dishi kwenye nguzo karibu na mpapai. Ilikuwa jioni, anga jeupe kabisa. Watu walikaa kwenye mikeka, kwenye ndoo, juu ya ukuta. Mama alikaa mbele, mikono mapajani, amevaa kanga mpya. Nikawaeleza ninachokijua: wanazunguka mara tatu na zaidi ya nusu, hawakimbii kila mtu kwenye mstari wake, kila mtu anasukumana na mwenzake kupata pa kupita, na kengele ikilia maana yake umebaki mzunguko mmoja.

Binti alianza nyuma. Watu wakanung'unika, nikawaambia wangoje. Mzunguko wa pili akaanza kuwapita mmoja mmoja, kwa nje, taratibu, kama mtu anayehesabu mashina. Kengele ilipolia alikuwa wa tano. Upande wa pili wa uwanja akawa wa tatu. Uani kwetu hakuna aliyekuwa amekaa. Mbele yake alikuwepo mkimbiaji mzoefu wa nchi jirani, mwanamke wa makamo kwa umri wa mbio, na mbele ya huyo mmoja tu. Wakaingia kona ya mwisho. Binti akatoka kwa nje, akafika ubavuni pa yule mwanamke, bega kwa bega.

Picha ikakwama. Ikawa vipande vya mraba, kijani na nyekundu, halafu nyeusi.

Iliporudi, wanawake wote walikuwa wamelala chini wanahema, isipokuwa wetu. Yeye alikuwa amesimama, mikono kwenye magoti, na jina lake lilikuwa la tano.

Fundi cherehani ndiye aliyesema kwanza. "Fundi, umezima."

"Nizime kwa nini? Ni hali ya hewa."

"Hewa gani? Tazama juu."

Tulitazama juu wote. Hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Mimi nilikuwa nimemwona kunguru akiruka kutoka kwenye kichwa cha dishi wakati ule ule picha inarudi, lakini niliposema, watu walinitazama kama yule askari wa kizuizini. Hakuna mwingine aliyemwona huyo kunguru.

Kesho yake kipande cha video kikaingia kwenye simu. Sijui nani alikitengeneza. Kilikuwa kile kipande tulichokikosa, kona ya mwisho tu, na aliyekitengeneza alikipunguza mwendo ili kila kitu kionekane vizuri. Fundi cherehani aliniita kibarazani akanionyesha mbele za watu.

"Tazama mdomo."

Nikatazama. Binti anafika ubavuni pa yule mwanamke. Anageuza kichwa kidogo. Mdomo wake unafunguka, unafunga, unafunguka tena, polepole, polepole. Halafu ananyamaza na anabaki pale pale, macho kwenye uso wa yule mwanamke. Anangoja. Wawili wanapita kwa nje. Ndipo anapozinduka, na kona imeshaisha.

"Wanaongea," alisema fundi cherehani. "Hapa anataja bei. Hapa anangoja jibu."

"Mtu anaweza kupatana bei anakimbia?" mtu mmoja aliuliza.

"Kwa nini asiweze? Mwendo wenyewe si unauona ulivyo mdogo?"

Wakakirudia. Kwa mwendo ule ilikuwa kweli ni mazungumzo. Ungeweza kuweka ndani yake salamu, habari za nyumbani, bei, punguzo na makubaliano. Na mimi, ambaye kazi yangu ni picha, niliamini nilichokiona kama wengine. Nilisema moyoni, huyu binti kauza mbio.

Halafu wakaanza kuunganisha. Mbio, Mbulu. Dishi, Mbulu. Mgeni amekuja juzi kwa njia ya Tunduru badala ya pwani, akapanga kwenye nyumba ile ile ya mkimbiaji, na picha inakatika pale pale mahali pa aibu. Hakuna aliyeniambia usoni. Lakini nilipofika bombani au dukani, mazungumzo yaliyokuwa ya Kiswahili yalihamia Kimakonde, na yakarudi Kiswahili nikiwa nimeshaondoka. Hapo ndipo nilipojifunza kutambua mgongo wangu unavyotazamwa.

Mama hakukiangalia kile kipande. Walimletea simu mpaka mkononi, akairudisha.

"Sina haja."

"Mama, ni binti yako, tazama mwenyewe."

"Nimesema sina haja. Nina korosho hapa."

Alipobaki peke yake aligonga korosho kwa nguvu hadi akazivunjavunja, na korosho iliyovunjika haina bei. Jioni moja aliniuliza, bila kunitazama, kama kambini wanaweza kumfukuza mtu kwa maneno ya simu. Nikasema wanaweza. Akauliza kama wakimfukuza anaweza kurudi tena. Nikasema sijui.

Binti akarudi wiki ile, kwa basi, begi moja. Kambini walimwambia aende nyumbani akapumzike mpaka watakapomwita, na alijua maana yake. Mtaani hawakumzomea. Walimsalimia vizuri mno, kila mtu kwa sauti ya juu, kisha wakamsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Alikuwa na viatu vipya vya mbio. Asubuhi nilimwona mama yake ameviinua, anavigeuza, anaangalia soli, anavirudisha mlangoni jinsi alivyovikuta.

Siku ya pili mjomba wake wa damu, kaka wa mama, alikuja kumuuliza. Nilikuwa uani, nilisikia.

"Uliuza?"

"Sikuuza."

"Basi ulimwambia nini yule mama?"

"Sikumwambia kitu."

Hilo ndilo lililommaliza. Kila mwenye simu pwani nzima alikuwa ameuona mdomo wake ukifunguka. Mtu anayekana kitu kilichoonekana, utamwamini kwenye kisichoonekana? Mjomba akaondoka bila kumaliza chai. Na mimi nikaona afadhali nisiwe karibu na binti sana, wasije wakatuona pamoja.

Aliendelea kukimbia hata hivyo, alfajiri, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Chuno kwenda kwenye mashamba. Asubuhi moja nilikuwa naenda huko kufunga dishi la mwalimu mmoja. Nilikuwa nimelibeba dishi mgongoni, limenifunika kama gamba la kobe, mikono yangu miwili imelishika kingo, na spana nimeiuma kwa meno kwa sababu mfuko ulikuwa umetoboka. Sikuweza kuona nyuma. Nikasikia vishindo vya mtu anakimbia.

Nasema kweli, niliogopa. Siku zile ungeogopa na wewe.

"Shikamoo, mjomba."

Ilikuwa sauti yake. Nikatulia, lakini spana ilikuwa mdomoni. Nikaendelea kutembea. Vishindo vilipungua, vikawa nyuma yangu tu, vidogo vidogo, tap tap tap, kwa mwendo wangu.

"Shikamoo," akasema tena.

Barabara ilikuwa pana, ungeweza kupitisha gari. Nikasogea pembeni apite. Hakupita. Alikuwa anaruka ruka pale pale nyuma yangu, anahema, kama mtu aliyezuiwa na geti. Tulikwenda hivyo mpaka nikasimama, nikaliegemeza dishi kwenye mkorosho, nikaitoa spana mdomoni.

"Marahaba."

Aliondoka kama amefunguliwa kamba. Vumbi tu.

Nilisimama pale na spana mkononi, imelowa mate. Nilimtazama mbele yangu akiwafikia akina mama waliokuwa wanakwenda shambani, majembe begani. Shikamoo, marahaba, akapita. Shikamoo, marahaba, akapita. Kila akiitikiwa, miguu ilibadilika.

Jioni nilimkuta uani anaosha viatu. Mama alikuwa ndani.

"Leo asubuhi barabara ilikuwa yako yote," nikamwambia. "Hukunipita."

"Hukuitika, mjomba."

"Ningekuwa bubu je?"

"Ningengoja."

"Mpaka wapi?"

Akacheka kidogo, akasugua. Nikakaa kwenye ndoo.

"Na yule mama wa kwenye kona? Naye hakuitika?"

Brashi ikasimama. Alitazama mlango wa mama yake, kisha mlango wa uani, upande wa fundi cherehani.

"Tulipokuwa tunapasha misuli nilimwamkia akaniitikia vizuri tu," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema Kiswahili. Akaniita binti yangu. Ana watoto wakubwa. Wale wengine ni Wazungu na watu wa wapi, niliwapita tu, hawanijui siwajui. Sasa kufika ubavuni pake, mdomo ukatoka wenyewe. Nikangoja."

"Uliingoja marahaba kwenye fainali?"

"Usicheke."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nampima. Mtu akikaa siku nyingi na aibu anaweza kutunga hadithi nzuri kuliko hiyo.

"Kwa nini huwaambii kambini?"

"Niwaambie nini, mjomba? Wenzangu wote wananisubiri nikosee. Wakisema mwizi, mwizi wanamwogopa kidogo. Wakisema mshamba, nitaitwa mshamba mpaka nazeeka."

"Na mama yako?"

"Mama hajaniuliza." Akalowesha brashi. "Mwambie wewe. Nikisema mimi ataona najitetea."

Sikumwambia mama siku ile. Sikuwa na hakika. Nilikaa chumbani nikamaliza kifurushi changu chote cha intaneti nikiitafuta mbio nzima, ile ya televisheni, ambayo haijaguswa na mtu. Nikaipata. Nikaiacha ikimbie kwa mwendo wake. Kona ya mwisho ikaja ikapita na sikuona kitu. Nikairudia. Mdomo wake ulifunguka na kufunga, basi, mfupi kuliko kupiga chafya. Yale mazungumzo yote tuliyoyasikia kibarazani kwa macho, bei na punguzo lake, yalikuwa yametengenezwa na ule mwendo wa kobe. Ndani ya neno fupi kama lile bei haiingii. Kungoja tu ndiko kulikokuwa kweli.

Asubuhi nikamfuata mama kwenye korosho zake.

"Mama, nina kitu cha kukuonyesha."

"Kama ni kile sitaki."

"Hiki si kile cha fundi cherehani. Hiki hakijapunguzwa mwendo. Ndivyo alivyokimbia."

Alichovya vidole kwenye majivu, akavifuta kwenye kanga kimoja kimoja. Alichukua muda. Kisha akasema, "Shika wewe, mimi nina mafuta."

Nikamshikia simu. Alitazama kama watu wanavyotazama maiti, shingo nyuma, macho mbele. Binti yake alitoka nyuma, akawapita wale, akaingia kona, akafika ubavuni pa yule mwanamke.

"Marahaba," alisema mama.

Alilisema kwa sauti ile ile ya barabarani, sauti ya mtu mwenye ndoo kichwani asiyegeuka. Nadhani hakujua kwamba amelisema. Halafu mkono wake mweusi ukaja mdomoni.

"Rudisha."

Nikarudisha. Ilipofika pale akasema tena, safari hii taratibu, kwa makusudi, "Marahaba, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu ya mafuta.

Kisha akakasirika.

"Na yule mama mbona haitikii? Amelelewa wapi?"

"Mama, walikuwa kwenye mbio."

"Hata kama! Mtoto kakuamkia, inakugharimu nini?"

Akaninyang'anya simu, mafuta yote, akatoka nayo hadi kibarazani. Nilimsikia hadi uani. "We fundi cherehani! Acha hiyo cherehani uje uone mtoto aliyelelewa!"

Kufika mchana Chuno yote ilijua, na kufika jioni imeshafika Mikindani. Waliocheka walicheka mpaka wakakaa chini. Binti alipotoka kwenda dukani, mtaa ukampokea: "Shikamoo!" "Shikamoo, bingwa!" Na wazee kwa vijana wakawa wanasimama njiani wanamzuia, "Ngoja, sijaitika bado." Alirudi bila alichokwenda kununua, akajifungia. Mama alibisha hodi, hakufungua. Akiwa ndani, binti akasema, "Mama, bora ungenyamaza." Mama akakaa pale kizingitini, furaha yote imemwisha.

Fundi cherehani hakuridhika hata hapo. "Salamu ni salamu," aliniambia. "Lakini labda shikamoo ndiyo ilikuwa alama yao." Na baada ya kufikiri kidogo, akiwa na sindano mdomoni: "Na picha kukatika je?"

"Nilishawaambia. Kunguru."

"Haya," akasema. "Kunguru."

Mama ndiye aliyepiga simu kambini, mwenyewe, amesimama katikati ya ua. Kocha alicheka hadi tukamsikia sote. Kisha akasema maneno ambayo mama aliyarudia kwa watu kwa siku nyingi: binti arudi, nafasi yake ipo, ila wamtoe kwanza hiyo salamu huko huko walikomwekea. Akifika bado anayo, ataondoka na basi lile lile.

Kwa hiyo wakamtoa. Sijawahi kuona mazoezi kama yale, wala sidhani kama yapo penginepo. Alfajiri mama alikusanya wanawake wa mtaa, wakatangulia barabarani wametawanyika, wengine na beseni kichwani, wengine na majembe, na binti akatakiwa awapite wote bila kufungua mdomo. Siku ya kwanza alimfikia bibi mmoja, akapunguza mwendo, midomo ikaanza kucheza.

"Pita!" wakapiga kelele. "Anangoja nini, chai?"

"Usinisalimie! Ukinisalimia nakupiga na hili beseni!"

"Pita, mtoto usiye na adabu!"

Akapita, amefumba macho. Wakapiga vigelegele. Akamfikia wa pili, neno likamtoka, wakamrudisha mwanzo. Wale waliokuwa wakimwita muuzaji wiki iliyopita ndio hao sasa wanatoka jasho kwa ajili yake, na sikujua niwaaminije.

Mama alijiweka wa mwisho, kule mbele kabisa, peke yake. Ilipita siku kadhaa kabla binti hajaweza kufika kwake. Asubuhi alipoweza nilikuwepo. Alikuja kwa kasi, kifua mbele, akampita mama yake kwa karibu hata kanga ikapepea, kimya, hakugeuka. Wanawake walishangilia. Mama alisimama akimtazama akiishia kwenye mikorosho.

"Umeona, fundi?" aliniambia. "Nimemlea kwa adabu yote ile, na leo kanipita kama gogo."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyotaka," akasema, akachukua ndoo yake.

Mimi kazi ilikuwa imekwisha. Watu walirudi kunisalimia, lakini hakuna aliyeniita kumfungia dishi. Waliokuwa wanataka walimwagiza mtu wa mjini, tena mbali na nilipo. Picha ilikatika, na mgeni ndiye aliyeshika waya. Hilo lilibaki limekaa. Hata hivyo miguu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Nilikuwa nimesikia habari za Tanga.

Jioni kabla ya kuondoka mama alinipa mfuko wa korosho nzima, zisizovunjika hata moja. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Kweli alikuwa kunguru?"

"Kweli, mama."

Alinitazama kidogo. "Haya, baba. Safari njema."

Alfajiri nilitoka na begi na mfuko wa spana, nikashika barabara ya kwenda stendi. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona mchanga. Binti alikuwa anaondoka siku mbili baadaye kurudi kambini, na jana yake hatukuwa tumeagana. Tangu siku ya vicheko alikuwa ananikwepa uani, na sikujua kama ananilaumu kwa kuonyesha ile video au anamlaumu mama kwa kuitangaza. Nilikuwa nawaza hilo niliposikia vishindo nyuma yangu. Nilivijua. Nikapunguza mwendo, nikaandaa marahaba yangu, na kisingizio cha kumsimamisha nimwambie kwaheri.

Alinipita kwa kulia, kwa kasi ya kona ya mwisho, midomo imefungwa, macho mbele. Upepo wake ulinigusa mkono. Hakugeuka. Sijui mpaka leo kama alikuwa anafanya mazoezi au alikuwa amekasirika, na wala sikuwa na wa kumuuliza, kwa sababu alikuwa ameshaingia kwenye mikorosho na basi langu lilikuwa linapiga honi stendi.

Neno lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nikalimeza, nikaendelea kutembea.